Tulivyokwenda Uchindile Kumwondolea Ponsiano Udongo

Tulioondoka Lumemo tulikuwa wanne. Mimi Anastasia, ambaye wengi wenu mnaniita Bibi Nasta. Ponsiano, mtoto wa marehemu kaka yangu Dominiko, ndiye aliyekuwa wakili, ndiye aliyeandika kile kitabu cha safari, na ndiye diwani wa kata yetu. Mimi ananiita shangazi. Editha mke wake, ambaye ni Mama Tumaini. Na Gaudensi, mwanangu wa tatu, fundi wa mashine za kukoboa mpunga, aliyekua akila sahani moja na Ponsiano na kwa sababu hiyo hajawahi kumwita mheshimiwa hata siku moja. Kule Uchindile alitungoja Mzee Lukasi, mtoto wa baba yangu mdogo, ndiye anayetunza makaburi ya ukoo. Hao ndio mtakaowasikia zaidi.

Tangu nirudi, ninyi wa jumuiya mmeniuliza ilikuwaje, na jirani yangu Bi Zaituni wa dukani ameuliza mara tatu, kila mara akijifanya anapima sukari. Nimeona niandike. Nikisimulia kwa mdomo kuna mahali nitaparuka.

Kabla ya kuondoka

Ponsiano alikuwa wakili wa kesi za ardhi Dar es Salaam kwa miaka mingi. Siku moja akaja nyumbani akasema amechoka kugombania mashamba ambayo hajawahi kuyakanyaga. Akalikunja joho lake, akanunua viatu vigumu na daftari, akaanza kulizunguka bonde hili kwa miguu na kwa mtumbwi, analala kwa watu, anaandika wanachokula na wanachogombania. Wengine walisema amerogwa. Mimi nilisema ni uvivu.

Enzi zile daraja la Kivukoni halijajengwa. Akachukua mtumbwi pale, akasema anateremka na mto peke yake. Siku ya tisa wavuvi wakaukuta mtumbwi umepinduka na begi lake limenasa kwenye matete. Tukangoja. Tukatafuta. Mwisho wakubwa wa ukoo wakasema azikwe.

Kwetu, mwili usipopatikana, huzikwa shina la mgomba. Linavishwa sanda, linapewa jina la mtu, linaliliwa kama mtu. Tukamzika Uchindile, kwenye shamba la baba yake, na kila aliyekuwepo akatupa konzi moja ya udongo. Mimi nilitupa ya kwangu. Bado naisikia ilivyokuwa na unyevu.

Baada ya miezi minne Ponsiano akatokea. Malaria ilikuwa imemlaza kwenye kambi ya wavuvi ng'ambo ya mto, na alipopona akaendelea na safari yake badala ya kutuma habari. Alirudi amekonda, anacheka.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Ukoo wetu mtu aliyezikwa akarudi haachwi hivi hivi. Anaondolewa udongo. Kila aliyetupa konzi anatajwa jina, anachota konzi ileile anaiweka pembeni, na mwenye kaburi anaitika, "Nipo." Ambaye amekufa au yuko mbali, jina lake linatajwa na mwingine anamchotea. Ila jina lazima liwe lenyewe. Likikosewa, konzi ile ni kama haijachotwa.

Ponsiano alikataa. Alisema yeye ni mwanasheria, hawezi kupeleka rufaa kwa mgomba. Akaenda mwenyewe kaburini, akakaa juu yake, akapigwa picha anakula ndizi. Picha hiyo imo ndani ya kitabu. Kitabu kikapendwa, watu wakamjua, wakampa udiwani. Tukanyamaza.

Halafu ikaanza. Kwenye kikao wanasoma majina ya madiwani, la kwake linarukwa. Wanaomba radhi, kikao kinachofuata linarukwa tena. Majina ya wagombea yalipobandikwa ukutani, la kwake halikuwepo, wakaja kulibandika jioni kwenye kipande chake peke yake. Harusi ya binti yake Tumaini, mshereheshaji akawashukuru wazazi wote, wajomba, hadi mpiga kinanda, akashuka jukwaani bila kumtaja baba wa bibi harusi. Tukasema mshereheshaji amelewa. Editha akaanza kupakua chakula sahani moja pungufu, kwenye nyumba yake mwenyewe.

Haya yote mimi niliyasikia nikayaacha yapite. Mimi ni mtu wa majina. Shule niliishia darasa la nne, lakini niulizeni niliobatizwa nao siku moja, nitawatajia na wasimamizi wao. Basi asubuhi moja natoka nje, namkuta mtu amekaa barazani kwangu anakunywa chai yangu. Sura ni ya kaka yangu mtupu. Nikamsalimu, nikakaa, nikatafuta jina lake. Hakuna. Nikapitia watoto wote wa Dominiko kwa mpangilio, Agnesi, Filbeti, Severini, na baada ya Severini nikakuta shimo. Jina lake lilirudi jua likiwa utosini.

Nikamwambia ukweli. Aliweka kikombe chini.

"Shangazi, wengine wakinisahau ni siasa," alisema. "Wewe ukinisahau, nimekwisha."

Siku hiyo hakuongeza utani wowote. Akasema twende Uchindile, na mwenye majina yote ya mazishi yale nilikuwa mimi peke yangu.

Lumemo hadi stesheni ya Ifakara

Tulifika stesheni saa moja asubuhi. Treni ilikuja saa tisa alasiri. Katikati hapo tulikaa juu ya mabegi, tukala mihogo ya kuchemsha, tukasikia mara mbili kwamba treni imekaribia na mara moja kwamba imeshapita.

Mwanamke mmoja wa Kipogoro aliyekuwa akiuza kitoga, samaki wa mtoni, wa kukaanga alikuja kwetu na beseni lake. Akanipa shikamoo, akamsalimu Editha, akamsalimu Gaudensi. Kisha akaliweka beseni lake juu ya miguu ya Ponsiano, kama mtu anayeweka mzigo kwenye benchi. Ponsiano akapiga ukelele kidogo.

"Jamani, nisamehe baba," mwanamke akasema. "Hapa palikuwa wazi sasa hivi."

"Pako wazi, mama," Gaudensi akamwambia. "Huyu ni marehemu, hana nafasi kubwa."

"Gaudensi," nikasema.

"Mama, si ameandika mwenyewe kitabuni? Mimi nimesoma ukurasa."

"Umesoma ukurasa mmoja kati ya mia mbili," Ponsiano akamjibu. "Kwa fundi wa mashine ni juhudi."

Wakacheka wote wawili. Editha hakucheka. Alimsogeza mumewe karibu naye, akaushika ukosi wa shati lake, na hakuuachia mpaka treni ilipokuja.

Ifakara hadi Mlimba

Tulipata viti vinne vinavyoangaliana. Upande mmoja milima, upande wa pili mashamba ya mpunga yamejaa maji, meupe, hayana mwisho. Mvua ilikuwa imenyesha ikaacha, na mawingu yalikuwa yamekaa chini kabisa, kwenye kimo cha miti.

Mkaguzi wa tiketi alikuja baada ya stesheni ya Mbingu. Akatoboa yangu, ya Editha, ya Gaudensi, akageuka kwenda. Ponsiano alikuwa amenyoosha mkono na tiketi yake. Aliunyoosha hivyo mpaka yule kijana alipofika kiti cha nne mbele.

"Mkaguzi," Ponsiano akaita. Hakugeuka. Gaudensi akaita, akageuka papo hapo.

"Samahani mzee, sikukuona."

"Na kazi yako ni kuona," Ponsiano akasema, kwa upole tu. Kijana aliichukua tiketi, akaitazama sana, akaitoboa kwa haraka kama kitu cha moto.

Baadaye mhudumu wa chakula akaleta wali na maharage sahani tatu. Editha alimsogezea mumewe sahani yake, wakala pamoja. Wali ulikuwa mzuri, nisiseme uongo.

Ponsiano akataka tupitie majina mapema ili kesho tusibabaike. Akatoa kitabu chake, akampa Editha asome sura ya mazishi, maana aliiandika kwa kuwauliza waliokuwepo. Editha akasoma, mimi nikawa naongeza majina. Lukasi. Adelhelmu fundi cherehani na mkewe Rozina. Pius wa mashine. Fides aliyeolewa Chita. Kolumba kipofu, aliyeshikwa mkono na mjukuu wake Avelina. Yalikuja yenyewe, kama kuku jioni. Ishirini na saba.

Editha akasoma tena mstari mmoja: "Wa mwisho kutupa udongo alikuwa mwanamume aliyevaa koti la mvua la kijani, ambaye kila niliyemuuliza alidhani ni mgeni wa mwingine."

"Huyo kwenye hesabu yako hayumo," Ponsiano akaniambia. "Ni wa ishirini na nane. Nani?"

Nataka mjue nilichokuwa nacho kichwani wakati ule. Namkumbuka mtu yule. Siku ya mazishi alikuja moja kwa moja kwangu, kofia ya koti imemfunika nusu ya uso, akasema, "Shikamoo Mama Nasta, pole na Dominiko, pole na mtoto." Sasa mtu akuite kwa jina, amtaje na kaka yako, wewe umuulize wewe ni nani? Kwetu huo ni utovu wa adabu, ni kumwambia kwamba hana maana kwako. Nikaitikia kama ninavyomjua. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akanijibu. Jina sikulipata.

"Shangazi?"

"Kasto," nikasema. "Kasto wa Mlimba, mchukuzi wa mbao. Alikuwa na koti kama lile."

"Ulimwona uso?"

"Nilimwona."

"Aliitwa Kasto na mtu mwingine pale, au unakisia kwa koti?"

"Ponsiano, mimi nikisie jina?"

Alinitazama kama, nadhani, alivyokuwa akiwatazama mashahidi wake. Akasema taratibu, "'Sijui' nalo ni jibu, shangazi. Mahakamani nililipenda kuliko mengine. Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Editha akaandika: Kasto. Wa ishirini na nane.

Baada ya Mlimba

Mlimba tulilala nyumba ya wageni, na asubuhi tukapanda treni nyingine ya kwenda juu. Kuanzia pale reli inapanda milima. Inaingia kwenye mahandaki, inatoka juu ya madaraja marefu, na ukitazama chini huoni ardhi, unaona ukungu tu. Kila tulipotoka handakini Editha aliangalia kwanza kiti cha mumewe, ndipo akaangalia nje.

Kati ya handaki moja na jingine treni ikasimama. Hapakuwa na stesheni, nyumba wala njia. Ukungu uligusa vioo. Tukakaa pale muda mrefu mpaka watoto wa behewa letu wakanyamaza wenyewe.

Ndipo nikamwona akija pembeni mwa reli, koti la mvua la kijani, kikapu mkononi. Alipita madirisha yote bila kunadi kitu, akasimama kwenye letu.

"Shikamoo Mama Nasta."

"Marahaba mwanangu," nikasema. "Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mnakwenda kwa Dominiko?"

"Tunakwenda."

"Yule mmemleta?"

Ponsiano alikuwa amekaa palepale, kiwiko chake kiko dirishani, shubiri moja kutoka kwa mtu yule. Nikamwonyesha kwa mkono. "Si huyu hapa?"

Mtu yule akaangalia mahali nilipoonyesha. Aliangalia kwa adabu, kama unavyoangalia kitu ambacho mzee anasema anakiona. Akasema, "Haya. Atakapofika mnisalimie."

Akatoa kikapuni mahindi matatu ya kuchemsha, ya moto, akanipa mimi. "Ya njiani."

Nilikuwa na nafasi. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema, nisamehe baba, nimezeeka, hebu nikumbushe jina lako. Maneno machache tu hayo. Lakini Ponsiano alikuwa ananitazama, na jana yake nilikuwa nimesema nina uhakika. Nikasema, "Asante, Kasto."

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alitabasamu, nikaona meno, macho sikuyaona. Treni ikaguna ikaondoka.

"Huyo ndiye Kasto mwenyewe?" Gaudensi akauliza. "Basi angepanda aje achote konzi yake."

"Ana shughuli zake," nikasema.

Ponsiano aliyachukua mahindi, akayahesabu, akatugawia sisi watatu. Yeye alisema hana njaa.

Uchindile

Gaudensi ndiye aliyepiga simu Uchindile wiki iliyotangulia. Alisema, "Tunamleta Ponsiano, andaeni kaburi." Alidhani amesema vya kutosha. Wenzetu walielewa kama ambavyo mtu yeyote angeelewa.

Tulipotoka stesheni tukipanda njia ya kwenda kwa Lukasi, tukasikia wanawake wanalia. Uani mikeka imetandikwa, moto mkubwa, sufuria mbili za maharage, wanaume wamekaa kimya kwenye magogo. Lukasi akaja kutulaki amevua kofia.

"Poleni sana," akasema, akinishika mikono miwili. "Gari liko wapi?"

"Gari gani?"

"La mwili."

Ponsiano alikuwa nyuma yangu. Akasogea, akatoa mkono. "Shikamoo baba mdogo. Poleni na ninyi."

Watu waliendelea kulia. Hilo ndilo sitalisahau. Mtu kasimama katikati yao, mrefu, na begi mgongoni, na wanawake kama kumi wanaendelea kumlilia, mmoja akimpisha ili apite na maji. Mpaka Lukasi alipopiga kelele, "Nyamazeni, huyu hapa mzima," ndipo wakanyamaza mmoja mmoja, wakamtazama. Rozina mke wa Adelhelmu akacheka, akajiziba mdomo kwa khanga, kisha akalia upya, safari hii kilio kingine.

"Maharage hayatatupwa," Lukasi akasema. "Kaeni mle."

Tukala chakula cha matanga, ugali na maharage, marehemu akiwa mkekani pamoja nasi. Aliomba chumvi mara mbili.

Kaburi lenyewe limekuwa mbali kuliko nilivyoliacha. Mashamba ya miti yamepanuka, misonobari imelizunguka eneo la ukoo pande zote, mistari kwa mistari. Ukitembea humo huoni ndege. Sindano za miti zimefunika ardhi, hata nyayo zako huzisikii. Lukasi amepalilia makaburi yetu, kwa hiyo unatoka ghafla gizani, ingawa ni saa nane mchana, unakuta uwazi mdogo na misalaba sita. Wa sita umeandikwa Ponsiano.

Lukasi alimkalisha pembeni, kwenye kisiki, ameupa mgongo msalaba. Akamwambia, "Ukisikia jina, itika. Usigeuke mpaka niseme."

"Nikitaka kupinga?"

"Hapa hakuna kupinga. Kaa."

Nikaanza. Nilitaja jina langu kwanza, nikachota konzi yangu, nikasema, "Nilikupa udongo, nauondoa."

"Nipo," Ponsiano akasema.

Lukasi. "Nipo." Adelhelmu, ambaye amekufa, akachotewa na Rozina. "Nipo." Rozina mwenyewe. "Nipo." Pius. Fides. Kolumba. Avelina. Sauti yake ilikuwa ikipata nguvu kadiri tulivyokwenda, nikaona mabega yake yanashuka kama mtu anayetuliwa mzigo. Kwa jina la kumi na tano Editha alianza kulia kimya kimya kwa furaha. Kwa la ishirini Gaudensi, anayemchotea Filbeti, akasema, "Marehemu, unarudi vizuri," na Lukasi hakumkemea. Ishirini na saba. "Nipo."

Lukasi akanigeukia. "Na wa mwisho, aliyekuwa na koti?"

"Kasto wa Mlimba."

Lukasi alikunja uso kidogo. "Mimi nilidhani alikuwa mgeni wako."

"Alikuwa Kasto."

Gaudensi akachota ile konzi. "Kasto alikupa udongo, tunauondoa."

Hatukusikia kitu. Kwa mbali kulikuwa na msumeno wa mashine, nao ukanyamaza. Ponsiano alikuwa amekaa vilevile, mgongo kwetu.

"Baba Tumaini," Editha akasema. "Itika."

"Nimeshaitika," akasema.

Tukatazamana. Watu kama ishirini tulikuwa pale, na hakuna aliyesikia. Lukasi akasema labda ni upepo. Hapakuwa na upepo. Lakini yalikuwa yamefika mwisho, kila mtu amechoka na anataka yawe yamefika mwisho, na mimi pia. Lukasi akamwambia ageuke. Akageuka, anatabasamu, akaja akaung'oa ule msalaba wenye jina lake kwa mikono yake, na wanawake wakapiga vigelegele.

Ningeweza kusema pale. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake.

Kurudi

Safari ya kurudi ilikuwa nyingine kabisa. Stesheni ya Uchindile mlinzi alimpa shikamoo Ponsiano kabla yangu. Ndani ya treni mkaguzi alianza na yeye. Mama mmoja aliyekuwa na kapu la maparachichi akamtambua kutoka kwenye kitabu, akamuuliza kama kweli aliwahi kulala kambi ya wavuvi siku zote hizo bila mke wake kujua, na Editha akamjibu kwa niaba yake, behewa zima likacheka. Chai ililetwa vikombe vinne. Ponsiano alikihesabu cha kwake kwa kidole, moja, akatunyanyulia.

"Shangazi," akasema, "kama ningekuwa na shahidi kama wewe kwenye kila kesi, ningebaki uwakilini."

Nilikunywa chai yangu.

Mlimba treni ikasimama kwa muda wa kutosha. Nikafungua dirisha kununua ndizi, na anayeuza ndizi alikuwa Veronika, mke wa Kasto. Tulikuwa hatujaonana miaka. Tukashikana mikono kwa furaha.

"Mumeo tulimwona juzi huko juu," nikamwambia. "Alitupa mahindi."

Veronika aliacha kutabasamu. "Nani, mama?"

"Kasto."

"Mama Nasta, Kasto alikufa. Alikufa mwaka ule mto ulipofurika, kabla hamjamzika mtoto wa Dominiko. Wewe mwenyewe ulikuja. Ulikaa nami siku tatu."

Na ni kweli. Aliposema tu, niliuona mkeka niliokalia, na jeneza, na lile koti la mvua limetundikwa msumarini nyuma ya mlango. Lilikuwa jeusi. Halikuwa la kijani. Nilikuwa nimechukua koti la mtu mmoja nikamvisha mwingine, ili nisionekane sijui.

Nikageuka. Ponsiano alikuwa dirisha la upande wa pili, anabishana na Gaudensi kuhusu nani atabeba maparachichi, maana yule mama amempa zawadi. Anacheka kama alivyokuwa akicheka utotoni, kwa mwili mzima. Nikasema nitamwambia tukifika Ifakara. Tukafika Ifakara.

Nyumbani

Sasa ni wiki ya tatu. Kikao cha madiwani kimekaa, jina lake limesomwa. Editha anapakua sahani kamili. Wote wanasema kazi imekwisha, na Lukasi amepiga simu kusema tukisawazishe kile kilichobaki cha kaburi tupande maharage. Nimemwambia asubiri kidogo. Ameniuliza kwa nini. Nimesema mvua.

Kila nikiamka, kabla sijasali, nalitaja jina la Ponsiano. Linakuja. Wiki ya kwanza lilikuwa linakuja nikiwa bado nimefumba macho. Juzi lilikuja baada ya kufagia uwanja. Jana nilikuwa nimeshamaliza chai.

Sijawaambia Ponsiano na Editha, nimewaambia ninyi kwanza, na mkinilaumu, laumuni. Nimeandika majina yote ishirini na saba nyuma ya daftari hili, pamoja na watoto wa nani. Yapitieni. Kama nimemchanganya mtu na nduguye, au nimesema amekufa na yuko hai, niambieni nirekebishe. Lakini zaidi ya yote nawaomba yule wa ishirini na nane. Kama ulikuwepo Uchindile siku ile, au mama yako alikuwepo, au ulisikia mtu akimwita yule mwenye koti la kijani, hata jina la utani, usinionee haya kwa sababu ni mimi. Njoo unisahihishe, na usikawie, uje wakati bado naweza kukuambia udongo huo alitupiwa nani.